Mkomazi si ya wenye magari peke yao

Hivi, ndugu msomaji, wewe mwenyeji wa Same umeshaingia Mkomazi mara ngapi? Nimekuwa nikiwauliza watu hapa Kighare, na jibu ni lile lile: "Kule ni kwa wazungu." Mtu anaitaja Mkomazi kama anataja Ulaya, wakati lango la Zange liko kilomita chache tu kutoka Same mjini!

Mimi nasema hii ni aibu, na si aibu ya mwananchi. Ni aibu ya wanaopanga utalii wetu.

Jina lenyewe ni la Kipare: mko ni kijiko cha mti, mazi ni maji. Yaani nchi kame, maji yake ya kuchota kwa kijiko. Zaidi ya kilomita za mraba 3,200 zinazopakana na Tsavo Magharibi ya Kenya. Kuna faru weusi, mbwa mwitu, choroa na swala twiga. Lilikuwa pori la akiba tangu 1951, likawa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Katikati ya hapo, mwaka 1988, wafugaji waliondolewa na mifugo yao. Na leo tembo wakivuka mpaka usiku, wanakula mahindi ya nani? Gharama tunalipa sisi, kutembea wanatembea wengine.

Mtaniambia kiingilio cha Mtanzania ni kidogo. Kweli, ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni. Lakini kiingilio si tatizo. Tatizo ni gari! Mwalimu wa shule ya msingi akodi gari la siku nzima kwa mshahara upi? Matembezi ya miguu na askari mwenye silaha yametajwa katika shughuli za hifadhi, sawa, ila kijana wa Kighare nani kamwambia?

Tazameni majirani. Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni hifadhi tangu 1984. Pale mtu anashuka matatu, anakodi baiskeli langoni, anaingia. Wanafunzi wanatembea kati ya kuta za mawe, bila Landcruiser.

Najua mtanirukia: "Na ajali je?" Ni kweli. Mwaka 2012 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba katika korongo lile, na mwaka 2019 yakaua saba tena. Mvua inanyesha mlimani, wewe uko kwenye jua, maji yanakukuta. Hilo ni somo la kuwa na waongozaji wanaosoma mawingu na kufunga njia mapema. Na sisi tuna simba na nyati pia, kwa hiyo askari ni lazima. Lakini hatari inahitaji utaratibu, haihitaji kufuli.

Basi madai yangu ni mawili. Halmashauri na TANAPA waweke basi moja la Jumamosi, Same mjini hadi Zange na ndani, kwa nauli ya mwananchi. Pili, waweke njia fupi ya miguu yenye askari, waongozaji wawe vijana wa vijiji vinavyoliwa mahindi.

Mtoto anayemjua tembo kwa hasara tu, kesho mtamwomba amlinde tembo huyo kwa sababu gani? Nijibuni.