Kuhesabu Maneno Si Kupima Homa

Mwezi Novemba 2008 kampuni ya Google ilianza kukadiria kiwango cha homa ya mafua nchini Marekani kwa kuhesabu maneno ambayo watu huyatafuta katika intaneti. Kati ya misemo milioni 50, wataalamu wake walibakiza 45 iliyopanda na kushuka sambamba na takwimu za wagonjwa. Makadirio yalitoka mapema kuliko ripoti za CDC, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, na wengi wakaona kwamba enzi ya kungojea fomu za zahanati imekwisha.

Haikwisha. Katika msimu wa 2012–2013 makadirio hayo yalikaribia maradufu ya takwimu za CDC; mwaka 2015 yakasitishwa kuchapishwa. David Lazer na wenzake, katika jarida la Science la mwaka 2014, walionyesha jambo lisilotajwa sana: takwimu za CDC za wiki chache zilizopita, zikitumiwa peke yake, zilikadiria vizuri zaidi. Vyote viwili vilipounganishwa, matokeo yalikuwa bora kuliko kimojawapo.

Watafiti wanaotaka kuitumia njia hii kwa matini za Kiswahili wana mtihani mgumu zaidi. Neno "homa" hubeba malaria, dengi na mafua. Tena kila Simba na Yanga wanapokaribia kukutana, magazeti huandika kwamba homa imepanda. Programu inayohesabu maneno mazima huona "ninaumwa" na "tunaumwa" kuwa vitu viwili tofauti. Ile inayotafuta mzizi tu huandikisha "hajaugua" kama mgonjwa mwingine.

Hesabu ya namna hiyo haifai kuamua ni wilaya ipi ipelekewe vipimo na dawa kabla haijahakikiwa na binadamu. Wasomaji wawili waainishe sampuli ileile ya matini, kila mmoja peke yake, kisha ulinganifu wao upimwe kwa kappa, kipimo alichokibuni Jacob Cohen mwaka 1960, ambacho huondoa makubaliano yanayotokana na bahati. Ni kazi ya kuchosha, na wafadhili huipenda kidogo kuliko ramani zenye rangi.

Hata baada ya uhakiki huo, rejesta ya MTUHA ndiyo itangulie. Mama asiye na simu, ambaye mwanawe ameshikwa na degedege usiku, hatafuti neno lolote mtandaoni. Humbeba mtoto hadi zahanati, na huko ndiko anakoandikwa.