Nani Atamiliki Maghala ya Mbamba Bay?

KUTOKA MWAMBAONI
Na Skolastika Ndunguru

Makaa ya mawe ya Ngaka, kule Mbinga, yamewahi kuwasha tanuri za tajiri namba moja wa Afrika. Aliko Dangote alizindua kiwanda chake cha saruji Mtwara mwaka 2015, na baadaye malori yakaanza kupakia makaa yetu kwenda kukihudumia. Watu wa Mbinga waliyaona yakipita. Sisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, huku Lipingo, habari hiyo ilitufikia kwa wasafiri, na vijana wakaanza kuulizana mtu kama huyo aliupataje utajiri wake.

Jibu lipo, na lina faida kwetu. Naomba msomaji anifuate kwanza hadi Kano, Nigeria, ndipo turudi ziwani.

Babu wa mama yake Dangote aliitwa Alhassan Dantata. Alizaliwa mwaka 1877, akafariki mwaka 1955 akihesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa wa Afrika Magharibi. Mali yake haikutoka kwenye jembe. Alianza na kola, zile kokwa chungu ambazo watu wa huko hutafuna na kumkaribishia mgeni. Wafanyabiashara wengi walizisafirisha kwa misafara ya nchi kavu, safari ndefu na ya hatari. Yeye akazipakia melini kutoka pwani ya Ghana ya leo hadi Lagos. Reli ilipofika Kano, muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akaingia kwenye karanga, akawa mnunuzi mkubwa anayeyauzia makampuni ya Waingereza. Wakulima wa karanga walikuwa maelfu kwa maelfu. Wenye ghala, mizani na fedha taslimu siku ya mavuno walikuwa wachache, naye alikuwa mbele yao. Dangote mwenyewe alipoanza biashara miaka ya 1970, mtaji wake wa kwanza ulikuwa mkopo kutoka ukoo huo huo.

Kanda yetu nayo ina historia ya namna hiyo. Mali kubwa haikupatikana shambani wala majini. Ilipatikana pale ambapo mazao hayana budi kupita: ghalani, kinuni, kwenye chombo cha kuvusha, kwa mwenye fedha za kukopesha. Na kwa kuwa sasa sehemu ya namna hiyo inajengwa jirani yetu, bandarini Mbamba Bay, tuulize mapema itakuwa mali ya nani.

Watanzania wanapenda kusimuliana habari za Said Salim Bakhresa, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1949, akaacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akauza urojo, kisha akafungua mgahawa. Ni habari ya kweli na ya kutia moyo. Lakini mara nyingi msimulizi huishia mgahawani, na kuishia hapo ni kuikata hadithi kabla haijanoga. Bakhresa akawa Bakhresa alipoingia kwenye vinu vya unga. Ngano hailimwi na yeye, na mkate wanaoka watu wengine wengi, lakini kati ya ngano na mkate lazima pawepo kinu. Baada ya unga zikaja boti. Anayevuka kwenda Unguja leo kwa boti ya Azam analipa nauli kwa mwenye njia.

Ukoo wa Dewji ulianza na duka Singida, duka la bibi yake Mohammed Dewji. Baba yake, Gulamabbas, akalikuza kuwa kampuni ya biashara ya MeTL. Mohammed alirudi kutoka masomoni Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati serikali ilikuwa inauza mashirika ya umma, na kampuni ikavichukua viwanda vya nguo vilivyokuwa vimelala. Reginald Mengi, mtoto wa Machame, msomi wa uhasibu, alianza kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake Dar es Salaam, miaka ile ya 1980 ambayo hata kalamu ilikuwa haipatikani dukani. Vipuri alivitoa Mombasa. Kutoka hapo akafika kwenye soda, magazeti na televisheni ya ITV, mpaka alipofariki mwezi Mei 2019.

Nawaheshimu wote watatu bila kusita. Waliajiri watu, walijenga vitu vinavyoonekana. Ninalosisitiza ni kwamba bidii peke yake haielezi mali yao. Mlango wa ubinafsishaji ulipofunguliwa miaka ya 1990, aliyeweza kuingia ni yule aliyekuwa na fedha mkononi, mtu wa kumdhamini benki, na habari za tangazo la kuuza kiwanda kabla tarehe haijapita. Mvuvi wa Lipingo aliamka alfajiri miaka hiyo kama walivyoamka wao. Tangazo halikumfikia.

Ziwa letu lenyewe limeona matajiri kabla ya hao wote. Katikati ya karne ya 19, Salim bin Abdallah, mtu wa pwani, aliweka makao yake Nkhotakota, upande wa magharibi ambao leo ni Malawi, akaanzisha utawala wa akina Jumbe. Nguvu yake ilikuwa majahazi. Pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo walivushwa kuja upande wetu, kisha wakatembezwa kwa miguu hadi Kilwa. Aliyekuwa na chombo cha kuvukia ndiye aliyetoza, ndiye aliyechagua, ndiye aliyetajirika. Wazee wetu walioko makaburini kando ya njia ile ya Kilwa hawana majina kwenye kitabu chochote, na mimi siwezi kuandika habari za utajiri wa Nyasa nikapita kimya mbele yao.

Mwaka 1878 ndugu wawili wa Uskochi, John na Frederick Moir, wakaja na African Lakes Company, iliyojulikana kote ziwani kwa jina la Mandala. Walisema wamekuja kuiua biashara ya utumwa kwa biashara halali. Wakaleta meli, wakajenga maduka, wakanunua pembe. Njia ya majini ikapata wenyewe wapya.

Sasa twende milimani, kwenye kahawa, kwa sababu huko ndiko somo hili lilikotuuma zaidi.

Wamatengo ni wakulima ambao dunia nzima ingepaswa kuwajua. Kilimo chao cha ngoro, yale mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko ili maji yasibebe udongo, kimezilisha familia kwenye milima ambayo wengine wangeiogopa hata kuipanda kwa miguu. Kahawa ilipokuja wakaiweza. Na mkoa huu ulijifunza mapema kwamba mkulima mmoja mmoja hana sauti: Chama cha Ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilianza miaka ya 1930 kwa ajili ya tumbaku. Serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, ikavirudisha kwa sheria ya mwaka 1982. Mbinga ikapata chama chake, MBICU. Kilikopesha pembejeo, kikakusanya kahawa, kikawa na maghala na malori. Wanaoikumbuka Mbinga ya wakati ule wanakumbuka nyumba za matofali na mabati zikiota mlima kwa mlima.

Kisha MBICU ikaanguka. Madeni yaliilemea, usimamizi ulikuwa mbovu, na bei ya dunia ilikuwa imevurugika tangu makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika mwaka 1989. Soko lilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1990, wanunuzi binafsi walipanda mlima na fedha taslimu. Mwanzoni ilikuwa sherehe. Mwaka 1994 baridi kali iliunguza mibuni Brazili, bei ikaruka, mkulima wa Mbinga akalipwa papo hapo. Lakini pembejeo za mkopo hazikuwepo tena, na bei iliporudi chini hapakuwa na chama cha kumshika mkono.

Pengo hilo likazibwa na magoma. Msomaji wa Mbinga hahitaji maelezo. Kwa wengine nieleze. Ni Januari, ada na sare za shule zinadaiwa, mtoto anaumwa, kahawa bado mbichi mtini. Mwenye fedha anakuja, anatoa kiasi, na mkulima anaahidi kumlipa kwa kahawa wakati wa mavuno. Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Mama amepewa shilingi 100,000 kwa ahadi ya kilo 50. Kila kilo imehesabiwa kwa shilingi 2,000. Mavuno yakifika na kahawa ikauzwa mnadani kwa shilingi 5,000, kilo zile 50 zina thamani ya shilingi 250,000. Kwa miezi sita, mkopo wa laki moja umemgharimu laki moja na nusu. Hakuna benki nchini ingethubutu kubandika riba hiyo ukutani.

Magoma yamekatazwa na viongozi mara nyingi, kama butura inavyokatazwa Kagera na kangomba inavyokatazwa kwenye korosho kusini. Yanaendelea kwa sababu Januari inaendelea kuja. Amri ya mkuu wa wilaya haimnunulii mtoto sare. Wapo Mbinga waliojenga maghorofa kwa magoma, nasi tunawaita watu wenye akili ya biashara. Akili wanayo. Lakini mali ile imetokana na shida ya mama yule kukutana na fedha zao mwezi ule ule, na kama AMCOS yake, yaani chama chake cha msingi cha ushirika, ingekuwa na mfuko wa mkopo wa Januari, sehemu kubwa ya mali hiyo ingebaki nyumbani kwake.

Wapo watakaonijibu kwamba ushirika ni wizi, kwamba MBICU ilikufa kwa mikono ya viongozi wake wenyewe. Sehemu ya jibu hilo ni kweli na inaniuma. Viongozi walioila fedha ya wakulima walifanya dhambi kubwa kuliko mnunuzi yeyote wa magoma, kwa sababu wao waliaminiwa. Hata hivyo tukumbuke Kanda ya Ziwa: wakulima wa pamba chini ya Paul Bomani waliunda shirikisho lao la ushirika mwaka 1955, na halikuishia kukusanya pamba. Lilimiliki vinu vya kuchambulia. Walielewa kwamba asiye na kinu atabaki kupangiwa bei hata akilima usiku na mchana.

Nirudi nyumbani, Lipingo. Tunachokiuza sisi ni samaki. Mbasa, magege, na zaidi ya yote dagaa wa Nyasa. Mvuvi anaingia ziwani usiku na taa zake, na msimu wa pepo za mwera anaweka roho rehani. Asubuhi dagaa wanaanikwa, mara nyingi mchangani. Mvua ikinyesha, kazi ya usiku mzima inaoza mbele ya macho ya wanawake walionunua kwa fedha za mkopo. Isiponyesha, dagaa wenye mchanga wanachukuliwa kwa bei ya kutupa na mwenye gari, kwa kuwa yeye anaweza kusubiri na sisi hatuwezi. Kuweza kusubiri ndiko kunakotengeneza matajiri. Chanja za kuanikia, ghala kavu na mizani ya kikundi vingetupa sisi uwezo huo.

Na wakati wa kuvitaka ni huu. Lami imeshuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 ambazo zamani zilimla mtu siku nzima wakati wa masika. Ziwani kuna meli za mizigo za MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ya tani 1,000, na MV Mbeya II ya abiria na mizigo, zote zimeundwa na kampuni ya Kitanzania, Songoro Marine ya Mwanza. Mamlaka ya Bandari imeingia mkataba wa kujenga bandari ya kisasa Mbamba Bay. Ng'ambo yake ni Nkhata Bay, Malawi, nchi isiyo na bahari, inayotafuta njia fupi ya kufika Mtwara. Makaa ya Ngaka, saruji, mbolea, mahindi, vyote vitapita hapo.

Watu wenye macho ya mbali wameshaanza kuulizia viwanja, na siwalaumu. Dantata angefanya hivyo hivyo. Ninaowahoji ni Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa. Tangu tulipomegwa kutoka Mbinga na kuwa wilaya, tumeimba kwamba sasa mipango itakuwa yetu. Basi itengwe sehemu ya ardhi ya nyuma ya bandari kwa AMCOS, kwa vikundi vya wavuvi na vya wanawake wachakataji wa dagaa, kwa hati za vikundi hivyo, zisizoweza kuuzwa na mwenyekiti mmoja kwa saini yake. Asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, imekuwa ikigawanywa kwa vikundi vidogo vidogo vya kununua cherehani na pikipiki. Vikundi kumi vya mwambao vikiunganishwa vinaweza kujenga ghala moja la maana, na ghala hilo litamtoza kila apitaye.

Hesabu za ghala zibandikwe ukutani kila mwezi, kwa Kiswahili, mahali ambapo muuza dagaa anaweza kusimama na kuzisoma.

Baraza la madiwani hukaa kila robo ya mwaka, na kikao chake ni cha wazi. Mwananchi ana haki ya kuingia na kusikiliza. Namwomba diwani wetu wa Lipingo, na wenzake wa Liuli na kata nyingine za mwambao, wasimame katika kikao kijacho wapate majibu yaliyoandikwa: viwanja vingapi vya maghala vimepimwa karibu na bandari, nani ameviomba, vingapi vimekwisha kugawiwa, na kikundi gani cha watu wa ziwani kimo kwenye orodha hiyo.