Jikoni Jumapili Hii: Keki ya Kuviringisha ya Waswidi

Mpenzi msomaji, wageni wako wakishamaliza wali na kuku, huwaletea nini? Ikiwa ni vipande vya papai kila Jumapili, sikulaumu. Lakini leo hebu tujaribu keki ya Uswidi iitwayo Budapestrulle. Jina limetoka mji mkuu wa Hungaria, ila keki yenyewe ni ya Waswidi. Haina unga wa ngano. Ni ute wa mayai uliookwa, ukapakwa krimu na kuviringishwa kama mkeka.

Wao hutumia kokwa za hezeli. Sisi tutatumia njugu karanga. Kwa hiyo waulize wageni mapema kama kuna anayedhurika akila njugu.

Vinavyohitajika:
Ute wa mayai 6
Sukari gramu 250
Karanga zilizokaangwa na kusagwa gramu 120
Unga wa kastadi vijiko 4 vya mezani
Krimu nzito mililita 300
Machenza 4

Namna ya kutayarisha:
Tenga ute na viini kwa uangalifu. Kiini kidogo tu kikiingia, ute hautaumuka vizuri. Upige katika bakuli kavu huku ukiongeza sukari kidogo kidogo. Hapa Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi, kwa hivyo povu hufura zaidi ndani ya oveni. Acha kupiga ncha za povu zinaposimama na kujipinda kidogo. Changanya karanga na kastadi, uvitie taratibu.

Tandaza juu ya karatasi ya kuokea iliyopakwa siagi, uoke kwa nyuzi 175. Anza kuchungulia baada ya dakika 15, maana huku juu vitu hukauka upesi. Pindua keki juu ya karatasi nyingine iliyonyunyiziwa sukari, ubandue ile ya kwanza. Sasa ngoja ipoe kabisa.

Nasisitiza hapo kwa sababu yalinipata. Mara ya kwanza wageni walikuwa wamekwisha kuketi sebuleni, nami kwa pupa nikapaka krimu keki ikingali moto. Krimu iliyeyuka, keki ikapasuka, tukaila kwa vijiko kama uji. Mayai sita yalikwenda hivyo, na wewe wajua bei ya mayai.

Ikishapoa, paka krimu iliyopigwa, panga machenza yaliyomenywa, kisha viringisha ukijisaidia kwa karatasi. Iweke kwenye friji hadi wakati wa kula. Kama huna friji, itengeneze saa ile ile ya kuliwa, kwani krimu haivumilii joto.

Na vile viini sita? Usivitupe! Vifunike mahali pa baridi. Kesho asubuhi vikoroge na maziwa kidogo, uwakaangie watoto kabla ya kwenda shule.

Haya, tukutane Jumapili ijayo. Mapishi mema!