Choo cha Gari la Moshi ni cha Nani?

Tangu njia mpya ya reli kati ya Mombasa na Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017, wenyeji wengi wa Malindi, Watamu, Kilifi na Mtwapa wamezoea kwenda Mombasa ili kupanda gari la moshi liendalo bara. Wale wa Kaloleni na Rabai wana stesheni iliyo karibu zaidi, nayo ni Mariakani, ambapo husimama gari lile lipitialo stesheni za njiani. Mwendo wa kilomita zipatazo 470, ambao zamani ulimlazimu mtu kulala njiani, siku hizi ni wa saa tano au sita. Mkulima aweza kwenda kumtazama mwanawe aliye shuleni, na karani aweza kwenda kwa shughuli za ofisi, bila kuchoka mno. Hayo ni maendeleo ya kushukuriwa.

Lakini liko jambo moja katika safari ambalo watu huona haya kulitaja, nalo ni choo. Habari za tikiti, za viti na za chakula huzungumzwa wazi. Habari za msalani hunong'onwa. Na kwa kuwa hazitajwi, hazitengenezwi. Katika safari yoyote ndefu yenye abiria wengi, iwe ya reli au ya meli, choo huwa safi wakati wa kuondoka. Kabla ya nusu ya njia sakafu imelowa, karatasi zimezagaa, na kila afunguaye mlango hurudi nyuma hatua moja. Akiulizwa atokaye humo, hujibu, "Nimekikuta hivyo hivyo." Maneno hayo ni kweli kwa wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja hajulikani.

Asili ya ubaya huu si ngumu kuiona. Nyumbani choo kina mwenyewe. Katika boma lolote la Ganze, au nyumba yoyote ya mitaa ya Malindi, mtoto akikichafua choo atajulikana kabla jua halijatua, na mama yake au shangazi yake atamtia ufagio mkononi. Lakini katika gari la moshi abiria ashukaye Voi hatamwona tena yule aendaye mpaka Nairobi. Heshima yake ameiacha kwa majirani zake. Hapa ni mgeni miongoni mwa wageni. Wahenga walisema uungwana ni vitendo, na kitendo kimpimacho mtu barabara ni kile akifanyacho akiwa amefunga mlango, wala hakuna amwonaye.

Hata hivyo, si kila uchafu hutokana na uvivu. Katika behewa moja hukutana watu wa desturi mbalimbali. Mtu wa pwani amelelewa kwamba pasipo maji hapana usafi. Huchukua kopo lake akajisafisha kama dini na mila zilivyomfundisha. Mwenzake aliyezoea karatasi huiona sakafu yenye maji, akadhani ni mkojo, akachukizwa. Naye mwenye kutumia maji huiona karatasi imetupwa pembeni, akachukizwa zaidi. Tena wako waliozoea kuchutama, ambao wakikuta choo cha kukalia hupanda juu yake na viatu vyao. Ajaye baadaye hana pa kukaa. Kila mmoja wa hao hujiona kuwa ndiye msafi na wengine ndio wachafu. Dawa si kubishana ni desturi ya nani iliyo bora. Dawa ni kila mtu kuondoa alama za desturi yake kabla hajatoka: mwenye maji aikaushe sakafu, mwenye karatasi aitie mahali pake, na mwenye kuchutama asikanyage kitakachokaliwa na mwingine.

Watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa usafi wa choo kama jambo geni. Karibu na Watamu yako mahame ya Gedi, mji wa mawe ulioachwa na wenyeji wake katika karne ya 17. James Kirkman, aliyeanza kuuchimbua mwaka 1948, alikuta ndani ya nyumba vyoo vya shimo vilivyojengwa kwa ustadi, pamoja na mahali pa kujisafishia kwa maji. Visima vilikuwa vingi, na misikiti ilikuwa na mabirika ya kutawadhia. Mwaka 2024 UNESCO iliutia mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni hustaajabia kuta zake na milango yake. Yafaa kustaajabia pia kwamba mwenye nyumba wa siku zile alipotaka kujenga alifikiria choo pamoja na sebule. Asitokee basi mtu wa nchi hii ambaye adabu hiyo ya kale huiacha stesheni pamoja na kipande cha tikiti.

Madhara ya uchafu si harufu tu. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Lakini kutonuka si kutodhuru. Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi mno Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwapo huko wakati huo, alitoa kitabu mwaka 1876 akieleza jinsi ugonjwa ulivyofuata njia za misafara ya bara na majahazi ya pwani. Palipopita wasafiri, ndipo ulipopita ugonjwa. Siku zile msafara ulitembea majuma mengi. Leo njia hiyo hiyo humalizwa kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana.

Vijidudu vya kipindupindu hutoka katika haja kubwa ya mgonjwa, huingia kwa kinywa cha mtu mwingine, na njia yao ni maji, chakula na mikono. Mtu aliyeambukizwa aweza kukaa muda wa saa chache hata siku tano kabla ya kuona dalili yoyote, na wengi hawaoni dalili kabisa, ingawa vijidudu hutoka mwilini mwao. Kwa hiyo abiria aweza kupanda gari akiwa mzima machoni pa watu na machoni pake mwenyewe. Akitoka msalani bila kunawa, hushika kitasa cha mlango, kisha mgongo wa kiti, kisha humpokea mtoto wa jirani yake. Na jirani huyo ndipo afunguapo kikapu chake na kugawa mahamri. Homa ya matumbo, kuhara damu na minyoo ya tumbo navyo husafiri kwa njia hiyo hiyo.

Liko na dhara jingine lisilosemwa. Wako wanawake na wazee ambao, kwa kukiogopa choo kichafu, hawanywi maji tangu waondokapo nyumbani alfajiri. Mjukuu husema, "Bibi, kunywa japo funda moja." Naye bibi hujibu, "La, mjukuu wangu, nitakunywa tukifika." Mtu aliyeondoka Malindi gizani, akapitia Kilifi na Mtwapa mpaka Mombasa, kisha akasafiri kwa reli mpaka Nairobi, atakuwa amekaa na kiu karibu siku nzima. Kichwa humwuma na nguvu humwishia. Kwa mja mzito ni hatari zaidi, kwani kuzuia mkojo na kukosa maji ya kunywa huweza kumletea maradhi ya njia ya mkojo, nayo humdhuru yeye na mtoto aliye tumboni. Basi abiria aachaye choo katika hali mbaya amemnyima maji mama asiyemjua. Kama angeambiwa amnyang'anye kikombe mkononi, asingethubutu.

Wenye reli nao wana fungu lao. Reli ya kwanza, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ilikuwa na magari ambayo choo chake kilifunguka moja kwa moja juu ya njia. Kilichomtoka abiria kiliangukia mahali ambapo wafanyakazi wa reli walitengeneza mataruma kwa mikono yao. India, nchi yenye mojawapo ya reli kubwa kuliko zote duniani, ilitumia vyoo vya namna hiyo miaka mingi sana. Kisha iliviondoa na kuweka zaidi ya laki mbili vya namna mpya, ambavyo uchafu hukaa katika tangi na kuozeshwa na vijidudu vyenye manufaa. Kazi hiyo ilihitaji fedha na miaka, lakini ilifanyika, na hiyo ndiyo ishara kwamba jambo hili si la kukatiwa tamaa.

Katika Makumbusho ya Reli huko New Delhi huonyeshwa barua ya mwaka 1909, yenye jina la abiria aitwaye Okhil Chandra Sen. Mtu huyo alishuka stesheni kwenda haja kwa kuwa alizidiwa na tumbo. Gari likaondoka likamwacha, naye akaanguka mbele ya watu akikimbilia behewa. Aliwaandikia wakubwa wa reli kuwalalamikia bila kuficha neno. Wengi huicheka barua hiyo kwa Kiingereza chake. Lakini mwandishi wake alishinda haya, akaliandika lile ambalo wengine walilinong'ona, akalipeleka panapohusika.

Huo ni mfano wa kufuatwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya usafi wa mazingira wa kiwango cha kuridhisha, na haki ya maji safi ya kutosha. Abiria aliyelipa nauli akikuta mfereji hautoi maji, kitasa kimevunjika, taa haiwaki au sabuni imekwisha, asinung'unike kitini pake. Na amwambie mhudumu wa behewa kwa upole, akitaja namba ya behewa na saa. Isipotengenezwa, na aandike barua kwa wakubwa wa reli yenye tarehe na mambo yale yale. Lawama isiyo na tarehe ni kama mshale usio na ncha.

Pamoja na haki hiyo kuna wajibu. Maji ya behewa si maji ya kisima. Yamo katika tangi, na wa mwisho hutegemea kiasi cha wa kwanza. Abiria na afungue mfereji kwa kadiri ya haja yake, kisha aufunge. Nepi za watoto, sodo, vitambaa na mifupa ya kuku visitupwe chooni, kwa maana huziba, na choo kikiziba ni taabu ya behewa zima. Vifungwe katika karatasi na kutiwa pipani. Mzazi aingie pamoja na mtoto mdogo, asimtume peke yake. Ni vizuri pia msafiri kuwa na kipande cha sabuni na kitambaa chake mwenyewe, asije akakwama wakati sabuni ya garini imekwisha. Kabla ya kutoka na ageuke atazame nyuma, ajiulize kama angependa mkwewe aingie baada yake.

Wala asidharauliwe mtu afagiaye choo. Kazi yake huzuia maradhi kabla hayajamfikia daktari. Abiria amsalimuye na kumpisha amefanya jema. Abiria asiyemwongezea kazi amefanya jema zaidi.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, safari za abiria kwa reli zilisimamishwa, na watu wa Mombasa, Kwale na Kilifi walizuiwa kutoka katika kaunti zao. Kila penye mlango paliwekwa ndoo yenye mfereji, na mkubwa na mdogo walinawa kwa sabuni bila kuambiwa mara mbili. Hofu ilipopungua, ndoo nyingi zilikauka. Hapo ilidhihirika kwamba maarifa yalikuwapo, maji yalikuwapo, na mikono ilikuwa ile ile. Kilichopungua ni nia. Usafi wa hofu huondoka pamoja na hofu, lakini usafi wa uungwana hauhitaji amri.

Choo cha gari la moshi, basi, ni cha nani? Kwa dakika zile chache ambazo mlango umefungwa, ni cha yule aliyemo ndani. Yeye ndiye mwenye nyumba, na ajaye nyuma yake ni mgeni wake. Mtu wa pwani ajua jinsi mgeni anavyopokewa.