Chupa ya Italia na Samaki wa Wagenia



Mzazi mmoja wa hapa Kisangani alinijia jioni, siku chache kabla ya arusi ya binti yake. Jamaa zake walikuwa wamemwambia kwamba karamu ya samaki isiyo na divai nyeupe ya Ulaya ni aibu. Dukani aliona chupa za Italia, jina lake Vermentino. Lakini fedha alizokuwa nazo zilikuwa za ada ya shule ya mwanawe. Akaniuliza: “Mwalimu, divai hii ina nini hata itamaniwe hivi?”

Nikamweleza niliyoyajua. Vermentino ni jina la mzabibu unaostawi karibu na bahari, katika Liguria, Toscana na kisiwa cha Sardinia. Divai yake ni nyepesi, ina ukali kama wa ndimu, na mwisho huacha uchungu kidogo kama wa lozi. Watu wa pwani zile waliinywa kwa sababu ilitoka katika mashamba yao, kama samaki walivyotoka katika bahari yao. Ukali wake hufanya kazi ile ile ya ndimu tunayokamua juu ya samaki: hukata mafuta na kuamsha ladha.

Kwa hiyo ingepatana vema na samaki wa mto wetu, wale ambao Wagenia huwavua kwa mitego yao mikubwa katika maporomoko, wakipikwa ndani ya majani kwa chumvi na ndimu, na kuliwa pamoja na lituma ya ndizi. Lakini pilipili ikizidi, kileo huuchoma ulimi zaidi; na sombe yenye mawese mengi huifunika ladha yake yote. Tena divai hiyo hunywewa ingali changa, nayo imepozwa. Chupa iliyosafiri siku nyingi katika joto, kisha ikawekwa juani dukani, yaweza kuwa imekwisha haribika, ingawa bei yake haikupungua.

Yule baba akafikiri kidogo, akasema: “Hata hivyo, Mwalimu, Bwana Yesu mwenyewe aliwapa watu divai arusini Kana.”

Neno lake lilikuwa la haki. Nikamjibu: “Ndivyo, baba. Lakini divai ilikuwa kinywaji cha nchi ile. Bwana aliwaokoa wenye arusi na aibu; hakuwatia katika deni. Altareni Kanisa latuamuru kutumia divai ya zabibu, na malofu ya mchikichi hayawezi kushika mahali pake. Kwa ajili ya Misa tunapaswa kuileta hata kutoka mbali. Mezani petu hakuna amri hiyo.”

Alikwenda zake bila kusema neno. Jumatatu mwanawe alifika darasani na hati ya malipo ya ada.

Siku ya arusi tulikula samaki wa majani, ndimu zimekatwa katika sahani, tukanywa kwa kiasi malofu mapya ya asubuhi ile. Shemeji mmoja alinung’unika kwamba hakuona chupa. Hata hivyo aliomba samaki mara ya pili.

Wazazi wapenzi, divai si kitu kibaya. Mtakatifu Paulo alimshauri Timoteo atumie kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Yafaa tujifunze kwa wavuvi wale wa Italia, si kuitamani chupa yao, bali kukipenda chakula cha kwetu na kunywa kidogo mezani, pamoja na wa nyumbani mwetu. Mwenye nafasi na anunue, kwanza atazame mwaka ulioandikwa juu ya chupa, ainywe na mkewe kwa shukrani. Asiye na nafasi asiyauze masomo ya mtoto wake kwa ajili ya kizibo.