Moto ikivuja mafuta, tununue mpira gani?

Moto inayotuletea unga ndiyo inayobeba watoto shuleni. Mafuta yakivuja kwenye amotisa ya mbele, tusingoje: yakifika kwenye breki, moto haisimami vizuri.

Kabla ya kutoa pesa ya likelemba, twende sokoni na mpira wa zamani mkononi. Juu yake mara nyingi kuna namba tatu za milimita: tundu, upana wa nje na unene. Zote zilingane. Tununue miwili, wa kila upande, na mafuta mapya ya amotisa, si yale machafu ya mota. Bomba likiwa na kutu au mikwaruzo, mpira mpya utakatika tena.

Pesa ikipungua, moto ilale. Mtoto atembee kwa miguu, arudi mzima.