Safari ya Sisilia: Kutoka Nguzo ya Palermo Hadi Bandari ya Trapani

Wengi wanaozuru Italia huishia Roma na Venice, na anayeshuka kusini mara nyingi hufuata jua na bahari tu. Wiki hii safu yetu inaelekea Sisilia, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Mediterania, na tutaifuata pwani yake kutoka Palermo hadi Trapani, mwendo wa takriban saa mbili kwa basi. Uislamu uliishi hapo kwa karne kadhaa. Namna ulivyoondoka ni habari inayohusu nyumba kama zetu kuliko inavyohusu majeshi.

Waislamu waliteremka Mazara mwaka 827 (212 Hijria) wakiongozwa na Asad bin al-Furat, kadhi wa Qayrawan, mzee aliyewahi kusoma kwa Imam Malik mjini Madina. Palermo ilitwaliwa mwaka 831, nayo ikawa mji mkuu. Msafiri Ibn Hawqal, aliyefika mwaka 973, aliandika kwamba misikiti ya mji huo ilizidi 300, ingawa watu wake hawakumpendeza, na walimu wa watoto aliwasema vibaya kupita kiasi.

Mgeni aanzie kwenye kanisa kuu la Palermo, lililojengwa mahali palipokuwa na msikiti. Katika ukumbi wa mlango wa kusini, nguzo ya kushoto imechongwa maandishi ya Kiarabu: ni aya ya 54 ya Suratul A'raf. Tulipokuwa pale, watalii walikuwa wakiiegemea nguzo hiyo huku wakipiga picha za milango. Hatukuwalaumu. Asiyejua kusoma herufi huona pambo.

Mwendo mfupi kutoka hapo lipo kasri la wafalme wa Kinormani, na ndani yake kanisa dogo la Roger wa Pili. Dari yake ya mbao imechongwa kwa vishimo na vikuba vilivyopandana, kama zilivyo dari za Maghrib na Misri, na pembezoni zimeandikwa dua za Kiarabu za kumtakia mfalme Mkristo baraka na nguvu. Mfalme huyo ndiye aliyemkaribisha mwanajiografia al-Idrisi. Mwaka 1154 al-Idrisi alimkamilishia kitabu kikubwa cha kueleza dunia, na ndani yake yamo majina ya Malindi na Mombasa. Yeye mwenyewe hakufika kwetu. Aliwauliza mabaharia na wasafiri.

Tulishangaa pia kwamba Mswahili hawi mgeni sana katika maneno ya mji huu. Barabara yake kuu ya kale huitwa Cassaro, yaani kasri. Jiko la kuchomea kwa Kisisilia ni tannura, tanuri letu. Jumba la mapumziko la wafalme, ambamo maji yalipitishwa ukumbini ili kuipoza hewa, huitwa Zisa, nalo ni jina la mabinti zetu: Aziza. Humo limehifadhiwa jiwe la kaburi la mama mmoja Mkristo wa karne ya 12, lililoandikwa kwa Kilatini, Kigiriki, Kiarabu, na tena Kiarabu kwa herufi za Kiyahudi. Mtoto wake alitaka kila jirani aweze kusoma jina la mama yake.

Basi ujirani huo uliharibikaje? Wanahistoria wa Kiarabu wanasimulia kwamba amiri mmoja, Ibn al-Thumna, akiwa amelewa, aliamuru mke wake akatwe mishipa ya damu. Mama huyo aliokolewa, akaenda kwa kaka yake, Ibn al-Hawwas, naye ni amiri. Kaka akakataa kumrudisha dada yake. Mashemeji wakapigana vita, na Ibn al-Thumna alipoona anashindwa akavuka bahari kuwaita Wanormani. Waliingia mwaka 1061, na mwaka 1072 Palermo ikawa yao. Tunafahamu kwamba ziko sababu nyingine, za dola na za biashara. Hii ndiyo iliyotukaa moyoni.

Trapani ni mji mwembamba uliojichomoza baharini, wenye mashamba ya chumvi meupe ubavuni. Chakula hakimtaabishi Mwislamu hapa, kwa kuwa sifa ya mji ni kuskusi kwa mchuzi wa samaki, nao bado wanaiita cuscusu. Ulizia tu kama mchuzi umetiwa mvinyo.

Hapa ndipo Ibn Jubayr wa Andalusia, akirejea kutoka Hijja, alipongojea meli mwanzoni mwa mwaka 1185. Aliswali Idd pamoja na Waislamu wa Trapani, waliotoka kwa ngoma na baragumu, na akastaajabu kuona watawala Wakristo wakiwaachia. Baadaye wenyeji walimfungulia vifua. Baba akimkasirikia mwanawe, au mama bintiye, mtoto alikimbilia kanisani akaritadi, na wazazi hawakuwa na njia tena ya kumfikia. Kwa hiyo wazazi waliishi wakiwabembeleza watoto wao maisha yote kwa hofu hiyo.

Mtu mmoja mwenye hadhi mjini alimtuma mwanawe kwa mmoja wa mahujaji na ombi: amchukue binti yake aliyekaribia kubaleghe, amwoe mwenyewe au amwoze kwa amtakaye katika nchi yake, mradi atoke Sisilia. Binti aliulizwa, akakubali kuwaacha baba na ndugu zake.

Waliobaki hawakudumu. Katika karne iliyofuata, Mfalme Frederick wa Pili aliwahamishia Lucera, bara ya Italia, na mwaka 1300 mji huo ulivunjwa na wengi wao wakauzwa utumwani.

Jioni tulikaa gatini Trapani, zinakoegesha boti za visiwa vya Egadi. Familia zilikuwa zikishuka na mizigo, watoto wakivutwa mikono. Ibn Jubayr aling'oa nanga hapo mwezi Machi. Jina la yule binti hakuliandika.